Nanaa ya Nyumbani, Nanaa ya Sokoni

Kila asubuhi Zuhur alichuma nanaa ya chai. Hakwenda mbali. Nyuma ya jiko palikuwa na tuta dogo la nanaa, na nanaa hiyo haikuwahi kupigwa dawa hata siku moja. Ilikuwa ya nyumbani. Shamba kubwa, kule chini karibu na kisima, lilikuwa la soko la mji wa Meknes. Hilo mumewe, Buazza, alilipiga dawa bila huruma. Majirani nao walifanya hivyo hivyo. Hakuna aliyeona ajabu.

Sasa binti yao, Wafaa, alikuwa anaolewa mwezi ujao. Wakwe walikuwa watu wa mji wa Fes, na watu wa Fes kwa chai hawana mchezo.

Asubuhi moja Zuhur alirudi jikoni na kikapu kitupu.

"Baba Wafaa, viwavi wamemaliza tuta letu! Hawakubakisha jani. Wageni tutawapa nini?"

"Si tutakata kule shambani?"

"Uliyoipiga dawa juzi?"

"Ah, tutaiosha vizuri."

"Haya," alisema Zuhur. "Kunywa wewe kwanza."

Alishuka shambani, akachuma, akaosha, akapika chai. Akammiminia mumewe glasi, akakaa mbele yake. Buazza aliitazama ile glasi.

"Mbona hunywi?"

"Ya moto."

"Ipulize."

Aliipuliza. Akaizungusha. Akaipuliza tena. Wafaa alikuwa amesimama mlangoni, akashindwa kujizuia, akaangua kicheko.

"Baba, chai imeshapoa hiyo! Unapuliza nini?"

Buazza naye alicheka, lakini mkono haukuinua glasi.

"Sasa baba," Wafaa aliuliza, "kama wewe unaiogopa, wale wa Meknes wanaoinywa kila siku?"

Buazza aliona haya, haya hasa. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alichukua chupa yake ya dawa, akaifunga vizuri kwenye mfuko, akaenda kwa Najat.

Najat alikuwa na duka la pembejeo pale njia panda. Alikuwa amesomea kilimo, na alipenda kuongea kuliko kuuza.

"Karibu ami Buazza! Bwana harusi hajambo?"

"Hajambo. Mimi ndiye mwenye jambo. Hii dawa nikiipiga kwenye nanaa, naiosha na nini itoke? Siki?"

Najat aliitazama chupa. "Hata uoshe kwa maji ya waridi, ami, haitoki. Dawa hii inaingia ndani ya jani. Hebu nisomee hapa kwenye lebo. Ni ya mazao gani?"

Buazza alisoma polepole. "Nyanya. Pilipili." Akageuza chupa upande wa pili. "Nanaa haipo."

"Haipo kwa sababu haikusajiliwa kwa nanaa."

"Lakini ina namba ya serikali! Mimi nikiona namba, najua ni halali."

"Zamani wengi tulifanya hivyo. Tukiona namba, tunapiga popote. Sasa kanuni zimebadilika. Dawa inapimwa kwa kila zao. Inaua mdudu gani? Inakaa kwenye jani siku ngapi? Isipopimwa kwa nanaa, usiipige kwenye nanaa. Hata dawa za zamani zinapimwa upya, na zisizofaa zinafutwa. Hiyo yako imeshafutwa kabisa. Niachie hapa, kampuni iliyoiuza itakuja kuichukua."

"Kwa nini nanaa ipewe sheria yake? Jani ni jani."

"Ami, ya nyanya unakula tunda, si jani. Nanaa unaitia kwenye birika nzima nzima, unaimwagia maji ya moto. Kilichomo ndani ya jani, kinatoka. Tunakinywa."

Buazza alikaa juu ya gunia. "Na shamba langu?"

"Likate lote. Usiuze, usimpe ng'ombe. Chimba shimo mbali na kisima, ufukie. Nanaa ina roho ngumu, itachipua. Ikichipua, kata tena ufukie. Ya tatu ndiyo ya harusi, tukiwahi."

"Tukiwahi!" alisema Buazza kwa uchungu. Mavuno mawili chini ya ardhi. Moyo ulimuuma. Lakini aliikumbuka ile glasi iliyopoa mkononi mwake mbele ya mwanawe, akaenda kunoa mundu.

Harusi ikabidi isogezwe mbele. Zuhur mwenyewe ndiye aliyepiga simu Fes. "Nanaa haijawa tayari," aliwaambia wakwe. Watu wa Fes wakaelewa mara moja. Lingekuwa ni suala la ukumbi, wangegomba.

Nanaa ya tatu ilipofika magotini, vidukari wakaja kufyonza majani. Safari hii Buazza alinunua dawa yenye neno "nanaa" kwenye lebo. Alipima kama ilivyoandikwa, si kwa kukisia kwa kifuniko. Lebo ilisema asubiri wiki moja kabla ya kukata.

Siku ya nne Hammadi, mchuuzi wa Meknes, akaja na gari lake.

"Nanaa imependeza! Nipakie."

"Bado. Ina dawa."

"Siku tatu tu zimebaki, Buazza! Kwani nani atajua?"

"Wewe huwa unakunywa chai, Hammadi?"

"Swali gani hilo? Nisinywe chai nimekuwa mgonjwa?"

"Basi subiri."

Hammadi alinung'unika mpaka barabarani. Siku ya nane alikuwa wa kwanza kufika.

Harusi ilikuwa jioni hiyo hiyo, ikanoga. Birika zilipita na kurudi. Bibi wa bwana harusi, mzee aliyeitwa kwa heshima Lala Kenza, alikunywa glasi ya kwanza, ya pili, akaomba ya tatu.

"Mwanangu," alimwambia Buazza, "mimi nimeishi na wakulima. Hii ni ile mnayojifichia nyuma ya jiko, siyo?"

"Hapana, Lala. Ni ile ile ya sokoni. Hammadi amepeleka gari zima Meknes asubuhi."

"Ile ya sokoni?" Bibi alimtazama, akasogeza glasi yake. "Basi nijazie. Kumbe hata nikirudi nyumbani nitaagiza Meknes."

Baada ya wageni kuondoka, Buazza alimkuta mkewe nyuma ya jiko na jembe. Alikuwa amelichimbua lile tuta lote.

"Unapanda nanaa yetu upya?"

"Napanda vitunguu," alisema Zuhur. "Nanaa yetu iko kule shambani."