Alama za Vidole Mwilini mwa Mwanamkuu

Wenzangu wa Kiegeani, nanyi wa vijiji vya jirani, ingieni nami uani kwa Mwanamkuu asubuhi moja ya Ijumaa. Ua umefagiliwa, chai ya mchaichai inafuka, na mwenye nyumba anasuka ukili huku akimtania binti yake, Shufaa, kwamba kwa namna anavyokuna nazi, mume atakula vifuu. Raha tupu. Lakini ndani ya leso, kwenye titi la kushoto, Mwanamkuu alikuwa na uvimbe mgumu kama punje ya kunde.

Daktari wa Kilindoni alikuwa amemwambia avuke bahari haraka, aende hospitali kubwa ya bara akapimwe. Ukiwahiwa, alisema, hukatwa na mtu akapona. Mwanamkuu alisikia "hukatwa" tu.

Shufaa, aliyemaliza kidato cha nne, akatafuta kwenye simu. Akasoma kwamba wataalamu wametengeneza dawa kutokana na vitamini E, na kwamba imeua seli za saratani. Hapo akaacha. Mistari iliyofuata ilisema seli hizo zilikuwa kwenye vyombo vya maabara na kwenye panya, na kwamba kilichojaribiwa kilikuwa kimebadilishwa, si kile kinachouzwa madukani.

"Mama, huendi popote! Dawa yako ni vile vidonge vya mafuta ninavyopaka usoni."

"Vya chunusi?"

"Hivyo hivyo. Mimi natoboa napaka, wewe utameza."

"Haya, nikifa nitakufa nang'aa," mama akacheka.

Akawa anameza vinane asubuhi, vinane jioni, pamoja na aspirini aliyozoea kwa maumivu ya magoti. Mwezi ukapita, ukaja wa pili.

Mwezi wa tatu aliamka na alama nne za zambarau mkononi, zimepangana kama vidole vya mtu aliyemkamata kwa nguvu. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Kesho yake, tano pajani. Keshokutwa, moja shingoni, pana kama dole gumba. Akipiga mswaki, mate yanatoka mekundu. Paka wa nyumba akaacha kuingia chumbani. Anakaa kizingitini, anamkodolea macho.

Akaitwa Bi Biasha, dada wa marehemu baba yake Shufaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wifi, hebu lete huo mkono."

Akaweka vidole vyake juu ya zile alama. Vikaenea, kimoja kimoja, sawasawa. Akaondoa mkono upesi, akaufuta kwenye kanga.

"Jini huyo," akanong'ona. "Dawa inamng'oa, naye anashikilia asitoke."

"Tuache, shangazi?"

"Muache? Ongezeni!"

Wakaongeza. Mnasikia, jamani? Mwili unapiga kelele kwa lugha yake, na watu watatu wazima wanashangilia.

Wiki mbili baadaye, Mwanamkuu akipepeta mchele, damu ikamtoka puani. Ikajaa ungo, haikukata. Alifikishwa hospitali Kilindoni, midomo imeshakuwa myeupe.

"Nani anampiga mama huyu?" daktari akauliza.

"Hakuna. Jini," Shufaa akajibu.

Daktari akapokea chupa za vidonge, akazisoma. "Hivi vidonge kwa wingi huu, juu yake aspirini, damu haigandi. Imevuja chini ya ngozi. Hakuna aliyemshika."

"Na uvimbe?"

Daktari akampapasa mgonjwa kwapani. "Mlipokuja mara ya kwanza ulikuwa mmoja. Sasa umefika kwapani, na nadhani mapafuni. Na kwa damu hii, siwezi hata kumpasua."

Mwanamkuu alifariki siku ya nane. Wanawake walipokuwa wakimwosha, Shufaa akimimina maji, mmoja alirudi nyuma akishika mdomo.

"Laa ilaha illallah! Nani alimkamata hivi?"

"Mimi," Shufaa akasema, akaendelea kumimina.

FUNZO

Wanaotafuta dawa ndani ya vitamini E tuwaombee. Kazi yao ni ya kweli, ila haijakamilika. Ikikamilika, utaandikiwa na daktari, hutaitafuta kwenye duka la vipodozi. Leo, ukigusa uvimbe titini, nenda hospitali. Unaogopa kisu? Nenda nao woga wako. Na wewe unayewasomea wazazi wako kwenye simu, soma mpaka mstari wa mwisho. Pale ulipoishia wewe ndipo watakapoishia wao.