Mita Tano

Haya yalimpata mdogo wangu Kasmiri, na sehemu kubwa niliiona mwenyewe.

Kasmiri ni mpiga picha. Harusi za Musoma na Bunda ndizo zinazomlisha, lakini moyo wake uko kwa ndege wa ziwani. Alikuwa na lenzi moja ndefu kama mkono wa mtu mzima, na nyuma yake alifunga kipande kingine cha vioo, wenyewe wanakiita konvata, kinachovuta vitu mara mbili zaidi. Ukikifunga hicho, kamera yake haiwezi tena kutafuta fokasi yenyewe. Lazima uzungushe pete ya lenzi kwa vidole, polepole, maana ukipitiliza kidogo tu kila kitu kinakuwa ukungu. Pete hiyo imeandikwa umbali kwa mita. Ikikaa kwenye hamsini, kilicho mita hamsini ndicho kinachoonekana vizuri.

Jumanne moja, siku tulivu ya jua, mkewe Wegesa alipanda mtumbwi hapo Murangi pamoja na akina mama wa kanisa, kwenda kuhani msiba ng'ambo ya ghuba. Wakati wa kurudi upepo uliwakuta katikati, mtumbwi ukapinduka. Wanawake wanne waliokolewa. Wegesa hakuonekana.

Wavuvi walitafuta siku tatu. Mimi nilitoka kwangu Mwisenge nikakuta nyumba yao imejaa watu na Kasmiri hayupo. Alikuwa ufukweni, amesimamisha kamera kwenye stendi, anakagua mawe ya ziwani moja baada ya jingine. Alisema mwili ukikwama kwenye mawe yeye atauona kabla ya watu wa mitumbwi.

Ijumaa saa nne asubuhi alimwona. Hakuwa amelala. Alikuwa amesimama juu ya jiwe la mbali, ameupa ufukwe mgongo, na gauni lake la zambarau. Kasmiri akamwita Mihayo, jirani yake mvuvi, wakapiga kasia hadi pale. Jiwe lilikuwa kavu. Vinyesi vya ndege tu.

Jumamosi akalitafuta jiwe lilelile. Hakuna mtu. Alipokuwa anairudisha pete, ndipo Wegesa akatokea. Pete ilisoma hamsini. Kwenye mita hamsini hapakuwa na jiwe, palikuwa na maji matupu. Na bado alikuwa ameupa ufukwe mgongo.

"Anakuja kinyumenyume, dada," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilimwambia ni majonzi, na kukaa siku nne bila kulala. Nikamwomba aje ndani ale. Hakuja. Alipoenda kunawa uso, niliinama nikaweka jicho langu. Niliona maji. Nikaigusa pete kidogo sana, na katikati ya yale maji ikatokea rangi ya zambarau, kama doa, bila umbo.

Niliondoa jicho. Ziwani kulikuwa kweupe. Sikumwambia.

Jumapili watu walikuwa ibadani, tukabaki wawili ufukweni. Asubuhi pete ilisoma ishirini. Kabla ya saa sita ilisoma kumi. Kisha tano, na hapo pete inagota. Lenzi ile haioni karibu zaidi ya hapo.

Nilisimama nyuma ya Kasmiri. Mbele yetu kulikuwa na mchanga na mawimbi madogo, basi.

"Zipu bado iko nusu," alinong'ona.

Ndipo akanieleza. Asubuhi ile ya Jumanne Wegesa alimgeuzia mgongo amfungie zipu ya gauni. Yeye alikuwa ameishika lenzi, anaifuta vumbi. Akamwambia asubiri kidogo. Wegesa akasubiri. Akasubiri. Mwishowe akajitupia kitenge mabegani akatoka, wala hakuaga.

"Alikuwaga hapendi kunisumbua," Kasmiri alisema.

Akaiacha kamera, akaingia majini. Nikamfuata. Nikalishika shati lake kwa mikono yote miwili, maana niliona anakwenda na hana nia ya kurudi. Maji yalitufika magotini. Yalikuwa ya vuguvugu. Hatua moja mbele yakawa baridi, baridi inayouma mifupa.

Akasimama. Akainua mkono, akabana hewa kwa vidole viwili, akavuta juu taratibu, kama anayeogopa kubana ngozi ya mtu.

"Tayari," alisema.

Alilia pale majini, nikamburuta hadi mchangani.

Saa tisa siku hiyohiyo Mihayo alimleta Wegesa. Alimkuta kando ya lile jiwe la mbali, mahali walipopita mara nyingi wakitafuta.

Tulimwosha wanawake watatu, mmoja wetu Matrida, aliyeokolewa kwenye mtumbwi ule. Tulipomgeuza, mikono ya Matrida ikasimama. Zipu ilikuwa imefungwa hadi shingoni.

"Ilikuwa wazi," alisema polepole. "Nilijaribu kumfungia ndani ya mtumbwi. Ilikwama."

Mimi nilikuwa naangalia kitambaa kando ya zipu, kule juu. Gauni zima lilikuwa limelowa, linachuruzika. Lakini pale palikuwa na sehemu mbili, kila moja upana wa kidole, zilizokuwa kavu. Nikachota maji kwa kikombe, nikamimina juu yake. Maji yakateremka. Nikamimina tena. Zikabaki kavu.

Tulimzika na gauni lile.