Ua la Zambarau Bwawani kwa Rael

Asubuhi hiyo Rael hakutulia. Alikamua ng'ombe, akaacha maziwa jikoni, akarudi tena bwawani. Samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakitweta. Watatu walikuwa wameshakufa.

"Miezi saba nimewalisha," alimwambia mumewe, Kipkemboi. "Leo waishe hivi?"

Bwawa lao hapa kijijini Soy halikuonekana maji. Lilijaa majani mazito ya kijani. Yalianza na mmea mmoja tu. Rael aliuokota ufuoni Kisumu, akitoka harusini, akautia mkobani. Alipenda ua lake la zambarau.

Kipkemboi alichukua panga. "Nakatakata yote, natupa mtoni."

"Tupa mtoni uone kama sitaenda kwa chifu!"

Alikuwa Mwalimu Akumu, jirani yao, binti wa mvuvi. Alifika ukingoni, akashika kiuno.

"Rael! Hili ni gugumaji. Kwetu ziwani lilifungia mashua ya baba. Wewe umelibeba kwa mkoba kama zawadi?"

"Mwalimu, lilikuwa zuri."

"Hata nyoka ana rangi."

Akumu alivuta mmea mmoja. Mingine minne ikafuata, imeungana kwa vikamba.

"Ona, mama na watoto. Mtoto akikatika, anaanza boma lake. Panga linawasaidia kuhama! Mizizi yao inaning'inia majini tu. Wakijaa juu, wanaziba mwanga na hewa. Samaki wanakosa pumzi."

"Basi na matete ning'oe?" Kipkemboi aliuliza.

"Acha. Hayo yameshika udongo, ukingo usibomoke. Yungiyungi nalo limejikita chini, punguza tu. Na nyasi zilizozama hutoa hewa majini zikipata mwanga. Adui ni huyu anayeelea. Haya, reki ziko wapi?"

Waliingia hadi kiunoni. Walivuta, wakabeba kila mmea mbali na maji, ukauke juani. Kipkemboi alifungulia mfereji wa kutoka mtoni, maji mapya yakaingia. Rael alihesabu midomo. Ishirini. Kumi. Jioni hakuona hata mmoja. Samaki walikuwa wamerudi chini.

"Usilale," Akumu alionya. "Mbegu zimebaki kwenye tope."

Kweli, wiki ya tatu mche ulichomoza, mdogo kama kifungo cha shati. Rael aliuacha uji ukiungua, akaenda kuung'oa.

Siku ya kuvua, samaki mnono zaidi alipelekwa kwa Akumu.

"Asante," alisema Mwalimu. "Lakini ukienda Kisumu tena, mkoba wako nitaupekua mimi."