Nafasi Aliyomwachia Mama

Jumanne, nikitoka misa ya asubuhi kwetu Nyantende, nilipanda mpaka chuo kikuu cha Bukavu, kasete moja ndani ya mfuko. Élodie, binti ya ndugu yangu Anaclet, anafanya kazi huko. Kanda za zamani, picha, daftari za parokia, sauti za wazee wa Shabunda, yote anaingiza ndani ya mashine yasipotee.

Baba yake hakumuona. Alikuwa tumboni wakati Anaclet alienda kuchimba dhahabu Kamituga.

"Tantine Consolate, umeitoa wapi hii?"

"Ndani ya sanduku. Nimeiona juzi."

Uongo, Mungu anisamehe. Miaka makumi mbili na tano nilijua iko wapi.

Wakati ule watu wa machimbo walituma barua kwa sauti. Unaongea, unaacha nafasi tupu. Wa nyumbani anajaza jibu pale, anarudisha kasete. Anaclet alimtumia mama. Mimi nilikuwa na hasira, aliniachia mama mugonjwa peke yangu. Nikaificha.

Élodie aliiweka. Sauti ya baba yake ikatoka, changa kuliko ya Élodie mwenyewe.

"Maman, shimo la huku linanitisha. Nirudi? Niwekee jibu hapa. Nangoja."

Kisha kimya, dakika nne. Élodie alilia akinishika mkono. Halafu akafanya vile kazi yao inaomba: sehemu tupu zinakatwa, zisijaze mashine. Zikabaki dakika mbili za maneno.

Shimo lile lilianguka juma la pili baada ya kasete kufika, Anaclet akiwa ndani. Mama alikufa Pasaka iliyofuata. Kila jioni aliuliza kama hakuna mutu ametoka Kamituga.

Alhamisi Élodie alinipigia simu.

"Tantine, ile kimya imerudi. Dakika sita nzima, kama mwanzo."

"Labda ulisahau kukata."

"Nimekata mara tatu."

Nilipanda tena. Saa sita ya mchana, jua kali, wanafunzi wanacheka nje. Aliongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Kisha pumzi. Kisha kikohozi. Kikohozi kile nililala kando yake miaka miwili.

"Rudi, mwana wangu," mama alisema. "Rudi sasa. Sikukusikia. Consolate alikufungia ndani ya sanduku."

Élodie hakunitazama.

"Ulijua, tantine?"

"Nilijua."

"Nimeomba sauti ya baba tangu komunyo ya kwanza."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa napiga magoti kando yako."

Nilimwambia yote. Nimeungama pia, padiri aliniondolea dhambi. Élodie bado. Tukikutana barabarani ananisalimia kama mutu wa mbali.

Ila kila Ijumaa ananitumia namba kwa simu, bila neno. Ni urefu wa sauti ile, kwa dakika. Tisa. Kumi na saba. Makumi mbili na nane. Hakati tena. Baada ya maneno ya mama kuna bote tu, viatu vya machimbo, zinatembea ndani ya matope. Hazisimami.

Kasete ile, upande mumoja unabeba dakika makumi tatu. Jana alituma makumi nne na moja. Nilienda kusikiliza. Bote zinatembea. Nyuma yazo, kwa mbali, kengele inalia. Ni ya kanisa letu la Nyantende, ile mpya tuliyotundika mwaka jana.

Mlango wa nyumba ya mama siufungi tena.