Kaunta Nyeupe ya Bi. Mwanamvua

Mikono minne myembamba ilishuka kutoka darini bila kelele. Chupa ya chai ikaingia kabatini. Kopo la chumvi, mwiko, kikombe kilichowekwa kifudifudi, mkebe wa dawa, kila kimoja kikapelekwa kwenye droo yake. Kaunta ya jikoni ikabaki nyeupe tupu.

Hicho ndicho Kipangaji, na aliyekibuni ni Mhandisi Sikudhani Lugongo. Kilikuwa na macho sita ya kamera na kanuni moja: kitu kisichoshikwa kwa sekunde arobaini hakina kazi kauntani. Majiko elfu tisini ya Dodoma yalikuwa nacho tayari. Sasa alikuwa amemfungia kimoja mama yake, Bi. Mwanamvua, jikoni kwake, maana kaunta ya bibi yule, tuseme ukweli, ilikuwa vurugu.

"Umeona jikoni kunavyopendeza, mama?"

"Kunapendeza. Ila sijui kama nimeshakunywa dawa."

"Si ulikunywa asubuhi?"

"Kikombe ndicho kingenambia, mwanangu."

Sikudhani alicheka. Uzee huo, akajisemea, akaenda kazini.

Wiki ya tatu Bi. Mwanamvua alitia chumvi mara tatu kwenye mchuzi mmoja. Wiki ya tano aliacha kupika. Wiki ya saba alikutwa sakafuni hajitambui. Alikuwa amekunywa dawa ya presha, akasahau, akanywa tena, na tena, na ilikuwa bado saa nne asubuhi.

"Zamani alikuwa anakumbukaje dawa zake?" daktari aliuliza.

Sikudhani alirudi nyumbani akafungua picha za kamera za wiki ya kwanza, wakati Kipangaji kilipokuwa kinajifunza tu, hakijagusa kitu. Akamwona mama yake anameza kidonge, kisha anakiweka kikombe kifudifudi kando ya mkebe. Anatia chumvi, kisha analaza mwiko juu ya kopo. Akishaswali adhuhuri, anaisogeza chupa ya chai dirishani. Kila siku vilevile, bila kukosea.

Hakukuwa na vurugu pale. Kumbukumbu za mama yake zilikuwa juu ya kaunta, na yeye ndiye aliyezifuta, mara ishirini kwa siku. Aliona aibu. Kisha akayakumbuka majiko elfu tisini, akaingiwa na hofu.

Alikizima Kipangaji. Siku mama aliporuhusiwa kutoka hospitali, kila kitu kilikuwa kimerudishwa kauntani kama kwenye picha.

Bi. Mwanamvua alisimama akavitazama kwa muda. Kisha akafungua droo, akaanza kuvipanga ndani, kimoja kimoja, kila kimoja pale Kipangaji kilipokuwa kinakiweka.

"Hivi vya nani, mwanangu?"

"Vyako, mama."

Mama akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliye ugenini. "Haya. Tumtunzie mwenyewe," akasema, akaifunga droo. "Asije akavitafuta."