Okidi Haina Kosa

Nambozo na mume wake Muzamiru wanakaa Mafubira, upande wa kaskazini wa mji wa Jinja. Muzamiru anauza vitambaa sokoni. Nambozo anashona sare za shule kwa cherehani yake, nje ya nyumba. Binti yao, Shakira, ana miaka tisa.

Katika ua wao kuna mparachichi. Nambozo aliupanda mwenyewe mwaka alioolewa. Mbegu aliitoa kwa mama yake, mtaa wa Malukhu mjini Mbale, akaja nayo Jinja ikiwa imefungwa katika leso. Kwa miaka mingi mti huo ulizaa vizuri. Shakira alikula parachichi kwa mkate kabla ya kwenda shule. Majirani nao walipata.

Kisha mti ukaanza kuchoka. Matawi ya juu yalikauka moja baada ya jingine. Matunda yakawa machache na madogo, na mengine yalianguka kabla ya kukomaa.

Jirani yao Kirunda alikuja kuutazama. Kirunda ni mtu mwema, na anapenda sana kutoa ushauri. Alionyesha mimea midogo iliyoshika gome la shina. Ilikuwa na majani manene, na mizizi myeupe iliyotambaa kama nyuzi.

"Hii ndiyo inanyonya mti wako," Kirunda alisema. "Mmea usio na udongo unakula nini? Unamla mwenzake."

Maneno hayo yalimwingia Muzamiru. Alichukua panga, akaikwangua mimea ile upande mmoja wa shina, akaitupa jalalani. Nambozo alimwomba aache. Aliipenda kwa sababu ya maua yake meupe, ambayo yalinukia vizuri jua likizama. Kwa ajili yake, Muzamiru aliacha ile ya upande wa pili. Miezi ikapita. Mti haukupona. Ulizidi kukauka.

Siku moja mama yake Nambozo, Mama Halimah, alipiga simu kutoka Malukhu. Alikuwa na furaha. Goti lililomsumbua karibu mwaka mzima lilikuwa limepona, na sasa alitaka kutembea. Alisema kuna bustani ya mimea chini ya mlima Wanale, ambayo watu wanaisifu kwa okidi zake, mimea ya maua inayoota juu ya miti. Hakutaka kwenda peke yake. Aliwataka waje wote, Jumamosi.

Muzamiru alikubali mara moja. Nambozo alishangaa, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya wateja wengi sokoni. Hakujua kwamba mume wake alikuwa na sababu nyingine. Muzamiru alikuwa ameshaongea na Shafik, fundi wa msumeno wa mashine, aje Jumamosi hiyo saa sita mchana auangushe mparachichi. Aliona ni afadhali mke wake asiwepo. Atarudi, atalia mara moja, na mambo yataisha. Ndivyo alivyojiambia.

Jumamosi walifika Mbale mapema. Mama Halimah alikuwa amevaa gauni lake jipya la gomesi, la kijani, na alitembea kwa hatua ndefu ili kila mtu aone goti lake. Muzamiru alimsalimu kutoka mbali na kuinamisha kichwa. Kwao na kwa wakwe zake, mwanamume hamkaribii mama mkwe, wala hawakai pamoja. Kwa hiyo, huko bustanini, wanawake walitangulia na Muzamiru akafuata nyuma kwa hatua kumi.

Bustani ilikuwa na baridi nzuri. Maji yalitiririka kutoka mlimani, na ukungu ulikuwa bado juu ya miti. Okidi zilikuwa kila mahali, juu ya magome, kwenye magogo, hata katika vikapu vilivyoning'inia. Nyingine zilikuwa za njano, nyingine za zambarau, na nyingine ndogo kama ukucha wa mtoto. Mama Halimah alisimama kila hatua na kucheka peke yake. Alisema kwamba amekaa Mbale miaka sitini na hakujua kwamba mlima wake una vitu kama hivi.

Mtu aliyewapokea aliitwa Yekosofati. Alikuwa mzee mrefu kutoka Soroti, askari magereza mstaafu, na kila mtu pale alimwita Afande. Sauti yake ilikuwa kubwa, sauti ya mtu aliyezoea kuita majina ya wafungwa kila asubuhi. Nambozo alipokuwa mtoto, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na sauti kama hiyo ilimfanya akimbilie ndani. Lakini Afande aligusa maua kwa ncha ya kidole kimoja, taratibu sana, na hofu ikamtoka.

Afande alimwita Shakira karibu na okidi iliyoshika shina la mti, yenye majani manene kama ile ya mparachichi wao. Mizizi yake ilikuwa mikavu na yenye rangi ya majivu. Alimpa chupa ya maji, akamwambia anyunyize kidogo. Shakira alinyunyiza. Papo hapo mizizi ikaanza kugeuka kijani mbele ya macho yao. Shakira alicheka, akanyunyiza tena.

"Inakunywa," Afande alisema. "Mizizi hii inakunywa mvua na ukungu."

Hapo Muzamiru alisogea. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama okidi haiuui mti inaoukalia.

Afande aliinamia shina. Aliingiza ukucha chini ya mzizi mmoja mdogo, akauinua polepole. Gome lililokuwa chini yake lilikuwa zima. Hapakuwa na tundu wala kidonda.

"Angalia, bwana," alisema. "Huyu ni mgeni wa barazani. Hajaingia ndani, hajafika jikoni. Chakula chake ni mvua, vumbi, na majani yanayooza juu ya gome. Mti anauegemea tu."

Kisha akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na tawi la mchungwa alilolikata asubuhi hiyo. Juu ya tawi hilo ulikuwa umeota mmea mwingine, wenye majani mengi ya kijani na maua mekundu membamba kama njiti za kiberiti.

"Huyu ndiye mwizi. Jina lake kirukia. Ndege anakula tunda lake, mbegu ina utomvu, inanata juu ya tawi, inaota hapo. Sasa tazama."

Alilipasua tawi kwa kisu mahali mimea hiyo miwili ilipokutana. Tawi lilikuwa limevimba. Mmea ule ulikuwa umezama ndani ya mbao yenyewe, hata usingeweza kuona mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Afande alieleza kwamba kirukia kinavuta maji ya mti na chakula chake. Sehemu ya tawi iliyo mbele yake hukauka kwanza. Baadaye mti wote hudhoofika.

Muzamiru aliyatazama majani yale kwa muda mrefu. Aliyajua. Yalikuwa juu kabisa katika mparachichi wake, mafungu matatu au manne. Kila siku aliyaona. Aliyafurahia hata, kwa sababu yalibaki kijani wakati matawi mengine yakikauka. Alidhani ni sehemu ya mti iliyobaki na afya.

Alitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

"Nambozo," alisema. "Nimefanya kosa."

Akamwambia yote, pale pale, mbele ya Afande na mtoto. Nambozo alikaa juu ya gogo na kuweka mikono magotini. Muzamiru alibaki amesimama, simu mkononi, hajui amwombe radhi kwanza au afanye nini.

Mama Halimah alikuwa amesikia kila kitu. Hakumtazama mkwe wake. Alimwita Shakira. "Mwambie baba yako apige simu kwanza," alisema. "Aibu ataiona baadaye."

Muzamiru alimpigia Shafik. Simu iliita hadi ikakatika. Alipiga tena, ikawa vivyo hivyo. Alielewa kwamba mashine ya Shafik ilikuwa imeshawashwa, na kwa kelele zake hasikii simu. Ndipo alipompigia Kirunda, akamwambia akimbie haraka, asimamishe kazi, maelezo yatakuja.

Walingoja. Afande alizima redio ya kibandani. Baada ya dakika chache simu ikalia.

"Amekata matawi mawili," Kirunda alisema, akihema. "Nimekumbatia shina. Hawezi kukata mti bila kunikata mimi."

Nambozo aliposikia hivyo alicheka, na machozi yakamtoka wakati huo huo. Mama Halimah alimpa leso yake. Baadaye waliendelea kutembea bustanini, lakini Nambozo hakumwacha mume wake arudi nyuma. Alimshika mkono, na mama yake akawa ndiye anayetangulia peke yake.

Kabla hawajaondoka, Afande aliwaeleza la kufanya, na Shakira akaliandika katika daftari. Usikivunje kirukia kwa mkono tu, kwa kuwa kilichobaki ndani ya mbao kitachipua tena. Likate tawi lenyewe, chini ya mahali kilipoota, kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kikate kabla matunda yake hayajaiva. Kisha kichome moto. Okidi iliyoanguka ifunge juu ya gome, mahali penye kivuli, bila udongo, nayo itashika yenyewe. Lakini usiende msituni kuzing'oa okidi, kwa sababu huko zinapungua, na nyingi zinazong'olewa hufa njiani.

Jumatatu Shafik aliitwa tena na msumeno wake. Safari hii Muzamiru alisimama chini ya mti na kumwonyesha tawi moja moja. Vilitoka virukia sita, maana viwili hawakuwa wameviona kabisa. Walivichoma nyuma ya nyumba. Nambozo alitandaza samadi na majani makavu kuuzunguka mti, akiacha nafasi kidogo karibu na shina. Muzamiru alileta mabaki ya vitambaa kutoka sokoni, akayachana membamba, akazifunga shinani okidi zilizoanguka pamoja na yale matawi mawili. Alifanya kazi hiyo taratibu, kama anayefunga kidonda cha mtu. Kirunda alisimama pembeni akitazama. Mwishowe aliuliza kama wanaweza kuja kwake pia, kuna michungwa miwili inayomtia wasiwasi.

Msimu wa kwanza mti ulitoa majani tu. Msimu wa pili ulichanua. Mwaka uliofuata Nambozo alilazimika kuihamisha cherehani yake, kwa sababu maparachichi yalikuwa yanamwangukia mezani. Mama Halimah alipelekewa mfuko mzima Malukhu, na mwingine ukafika bustanini kwa Afande.

Siku hizi watu wa Mafubira wanamwita Muzamiru kutazama miti yao. Mwezi uliopita alikwenda kwa mwanamke anayeitwa Marjan, akamkuta mlangoni, ameshika panga, tayari kukwangua okidi kwenye mparachichi wake. Muzamiru hakumkataza. Alimwomba tu ainue mzizi mmoja kwa ukucha na kutazama chini yake.

Marjan aliuinua. Alitazama, akapapasa gome kwa kidole.

"Hakuna kidonda," alisema.

"Basi tutazame juu," Muzamiru alimjibu.

Marjan aliliweka panga chini, wakainua macho pamoja, na wakaanza kuyakagua matawi moja moja.