Majina Matatu Juu ya Upanga

Desemba ya Handsworth, mtaa wa Birmingham, haina adabu. Saa kumi jioni jua limeshaaga, taa za Soho Road zinawaka, na watoto hata hawajamaliza kushuka basi la shule. Saa hiyo ndiyo Félicien alitoka kununua ndimu. Ndimu tu. Nani anaenda kununua ndimu akafikiria mabaya?

"Ishirini?" Kamaljit, mama mwenye duka la mboga, akamcheka. "Unafungua hoteli, Félicien?"

"Ni za chuma," akajibu, na akatoka dukani kifua mbele.

Usimcheke wewe pia. Kwao Uvira, Félicien alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi. Springi ya lori iliingia motoni ikatoka jembe. Birmingham ikampa kazi ya kufunga maboksi ghalani, na kwa miaka sita hakuna aliyemuuliza neno kuhusu chuma. Kwa hiyo jirani yake Kishore, muuza fanicha za mitumba, alipomletea upanga uliofungwa kwa taulo kuukuu, hakuuliza maswali. Kishore aliukuta nyuma ya boila katika nyumba moja ya Acocks Green, mzee mwenye nyumba amekufa, watoto wake hawautaki. Kwenye mpini palikuwa na karatasi imeandikwa neno moja: Moro.

"Wamoro ni watu wa kusini mwa Ufilipino, nimeangalia kwenye simu," Kishore alisema. "Wewe ung'arishe tu, niuweke dirishani."

Upanga ulitia huruma. Kutu juu ya kutu. Karibu na mpini ulipinda mara tatu, kama nyoka anayetambaa, halafu ukanyooka mpaka kwenye ncha. Kichwa cha mpini kilichongwa ndege, na ndege huyo alikuwa na jicho moja.

Goretti, mkewe, aliutazama mara moja tu. "Papa Orpha, hiki kintu hakiingie mu nyumba yangu."

"Bon. Kitakaa mu kibanda."

Kibanda kiko uani, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Siku tatu Félicien alisugua kwa msasa, na binti yao Orpha, wa miaka tisa, alikaa juu ya ndoo akimuuliza maswali yasiyokwisha. Kwa Kiingereza, bila shaka. Kiswahili mtoto alikisikia chote, lakini neno lake moja halijawahi kutoka kinywani mwake tangu azaliwe. Unamwambia njoo ule, anakujibu I'm coming.

"Kwa babu yako," Félicien akamwambia, "chuma kikiwa mu mikono, mutu haitwe jina. Tunapiga mluzi. Hivi." Sauti mbili, ya chini halafu ya juu. Orpha akajifunza, akaupiga ndani ya nyumba mpaka mama yake akamtishia kwa kijiko.

"Why, though?"

"Sababu chuma kinasikia."

Félicien alicheka aliposema hivyo. Baba yake hakuwahi kucheka.

Basi jioni ile ya ndimu alimtuma mtoto ndani, akaanza kuusugua upanga kwa maji ya ndimu. Kutu ikaondoka. Chini yake yakatokea maua ya chuma, mistari kama ya mbao nzuri, na mhunzi akasahau baridi, akasahau njaa. Lo, mtu aliyefua chuma hivi alikuwa bwana!

Halafu harufu ikabadilika.

Alinusa vidole. Si ndimu... Damu. Akaangalia mikono yake chini ya balbu, huku na huku. Hakuna hata mkwaruzo.

Akaipangusa kwenye suruali. Kazi iliyobaki ilikuwa kupaka mafuta, na kopo la mafuta ya mashine lilikuwa tupu. Lakini rafuni palikuwa na chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa kanisani Jumatano. Pale kanisani kwao kila familia ina chupa yake, imefungwa karatasi ya majina, na kila Jumamosi baba wa nyumba anapaka miimo ya milango. Tone moja, jina moja. Félicien akajisemea, kama humu mna kitu, kiungue kwa jina la Yesu. Mwoga huyo! Akachovya kidole, akagusa pindo la kwanza. Na mazoea, ndugu yangu, hayana akili. Mkono ulipogusa, mdomo ukasema.

"Félicien."

Chuma kikanywa mafuta yote. Hakikung'aa hata kidogo.

"Goretti." Pindo la pili.

"Orpha."

Ndani ya kibanda alikuwa peke yake. Hata hivyo kitu kikaitikia, taratibu, karibu na sikio lake...

"Mmm."

Sauti ya mtu aliyeelewa.

Félicien alitoka kinyumenyume, akafunga kufuli. Ndipo sheria ya baba yake ikamrudia yote. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Kesho yake, jioni tena, yeye na Goretti walikuwa chumbani juu wakitundika pazia. Orpha alikuwa sebuleni chini na katuni zake. Kutoka uani mtu akaita.

"Orpha!"

Goretti akaachia pazia. Ilikuwa sauti ya Félicien, ile ile, na Félicien alikuwa amesimama mbele yake, amefunga mdomo.

"Yeah, Papa! Coming!"

Wakasikia mlango wa jikoni ukifunguka.

Félicien alishuka ngazi kwa kuanguka zaidi ya kushuka. Kufuli lilikuwa chini, limefunguka lenyewe. Orpha alikuwa kibandani, amesimama na soksi tu, bila viatu, mbele ya upanga, amempa mgongo. Félicien akamnyanyua, akakimbia naye ndani, akakomea mlango. Mtoto alikuwa baridi kama maji ya bomba. Hakulia, hakusema kitu. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, akatabasamu.

"Asante Yesu," Goretti akasema, akimpapasa mikono na miguu. "Asante Yesu, tumemupata."

Asubuhi Félicien aliurudisha upanga. Siku mbili baadaye Kishore alikuwa ameshauuza, kwa mteja ambaye hata sura yake hakuikumbuka. "Alijua anachotaka," ndilo jambo pekee aliloweza kusema.

Kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi Goretti kuna nesi Mfilipino. Goretti akamweleza, akitarajia kuchekwa. Nesi akaweka kikombe chini.

"Labda ni hadithi za kizee," akanong'ona. "Lakini bibi yangu alitoka upande huo. Alisema upanga wa namna hiyo hausomewi majina ya watu unaowapenda. Unasomewa majina ya maadui, usiku wa kuamkia vita. Ili upanga ujue nani wa kutafuta."

"Na sasa?"

"Ukiita, hata ukiwa mbali, msiitike."

Uliita jioni hiyo hiyo. Familia ilikuwa mezani, wote watatu, Orpha anachora. Nje ya mlango wa jikoni...

"Papa? It's cold."

Sauti ya Orpha. Na Orpha yuko hapa, penseli mkononi, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama kawaida yake. Félicien akamshika mkewe mkono chini ya meza. Hawakuitika. Sauti iligonga, ikabembeleza, ikalia. Ilipofika saa mbili ikanyamaza.

Ikarudi kesho. Na kesho kutwa. Mchungaji akaja, akaomba mpaka shati likalowa, na sauti ikamsubiri amalize. Ndani ya nyumba wakaacha kabisa kuitana majina. Wakawa watu wa "wee" na "sikia". Shule zilikuwa zimefungwa kwa Krismasi, na Orpha hakutaka kutoka. Mtoto wa maneno mengi akawa wa kutikisa kichwa. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo siku zote aliikunjia pua akitaka chipsi, sasa aliimaliza na kukomba sahani. Wakasema ni hofu, itapita. Félicien hata alianza kujipongeza. Adui yuko nje, sisi tuko ndani, Mungu ni mwema.

Jioni moja sauti ililia kuliko siku zote. Goretti akasimama, koti dogo la mtoto mkononi, machozi yanamtiririka.

"Sikia... na kama ule wa nje iko..."

"Usimalize," akamwambia. "Nakuomba, usimalize."

Akakaa, amelikumbatia koti. Mtoto mezani aliendelea kula.

Jioni ya kumi na mbili tangu ile ya kibandani, Goretti alikuwa kazini. Theluji ilianguka mchana, nyembamba, ikaganda. Félicien alikaa na mtoto jikoni akingoja kilio, na kilio hakikuja.

Ulikuja mluzi.

Sauti mbili. Ya chini... halafu ya juu. Dhaifu, ya midomo iliyokufa ganzi.

Mluzi huo hakuwahi kumweleza nesi wala mchungaji. Ulikuwa wa babu, wa kwake mwenyewe, na wa mtoto mmoja aliyekaa juu ya ndoo. Félicien akamgeukia aliye mezani. Akapiga mluzi taratibu, sauti ya kwanza tu, amwachie yeye amalize.

Mtoto hakuinua kichwa.

Nje ya mlango, mtu akamalizia.

"Usifungue, Papa," mtoto wa mezani akasema. Kiswahili. Kiswahili cha Uvira, laini, cha mtu mzima. "Ule haiko miye. Ataleta baridi mu nyumba."

Félicien akasimama. Akakumbuka jioni ya kibanda, yule aliyempa mgongo, yule ambaye yeye alimbeba mbio bila kumtazama usoni. Akakumbuka kwamba alikomea mlango, na hakuangalia nani amebaki uani.

Siku kumi na mbili. Desemba. Na soksi.

Akarukia komeo. Likagoma, likakubali, akausukuma mlango wazi.

Hakuna mtu.

Juu ya theluji palikuwa na nyayo ndogo, kutoka kibandani hadi kizingitini, moja moja. Pale kizingitini barafu ilikuwa imeyeyuka mahali padogo, mahali pa mtu aliyesimama akingoja sana. Hakukuwa na nyayo za kurudi.

Alipiga mluzi. Akapiga tena, na tena. Kimya. Akasahau nesi, akasahau baba yake, akasahau kila kitu isipokuwa mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile akapaza sauti gizani akaliita jina.

"Orpha!"

Nyuma yake kiti kikasogea.

"Niko huku, Papa."